Fuwele za kwatsi: Jiwe ni la kawaida, fedha iko kwenye ncha

Chukua mfano wa mwenye duka la rejareja eneo la Themi, jijini Arusha, aliyefanikiwa kuweka kando shilingi 1,500,000 kutokana na mauzo ya mwaka mzima. Siku moja dalali anamletea gunia la kilo 30 za mawe angavu kama kioo, yenye pande sita na ncha kali. Maneno ya dalali ni yale yale yaliyozoeleka mjini: "Bosi, huu mzigo wa Ulaya, Wazungu wanaugombea. Chukua kwa shilingi 20,000 kilo, mwezi ujao utanishukuru."

Gunia zima ni shilingi 600,000, sawa na asilimia 40 ya akiba ya mwenye duka huyo. Mawe ni ya kweli, si chupa. Dalali naye hajadanganya kwamba Ulaya na Marekani wako watu wanaonunua mawe ya aina hiyo. Hata hivyo, mwenye duka anaweza kupoteza fedha yake yote kwa sababu hajaambiwa jambo moja: jiwe hilo haliuzwi kwa kilo na wale wanaolilipia vizuri.

Somo la wiki hii linahusu fuwele angavu za kwatsi, yaani zile zilizojijenga zenyewe ardhini bila kuguswa na fundi, na namna mfanyabiashara mdogo anavyoweza kupima kama zinafaa kuingizwa mtaji.

Jiwe lenyewe

Kwatsi ni muungano wa silikoni na oksijeni, na ni mojawapo ya madini yanayopatikana kwa wingi mno duniani. Mchanga wa pwani kwa sehemu kubwa ni kwatsi. Mishipa myeupe inayoonekana katika miamba ya machimbo mengi ya dhahabu nayo ni kwatsi. Amethisti ya zambarau na sitrini ya manjano ni kwatsi hiyo hiyo yenye rangi.

Aina isiyo na rangi na inayopitisha mwanga ndiyo watu wa pwani waliyoiita bilauri, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo baadaye lilihamia kwenye gilasi ya kunywea maji. Biashara yake katika ukanda huu si ngeni. Mwanazuoni al-Biruni, aliyeishi hadi katikati ya karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, na huko mafundi waliichonga kuwa vyombo vya thamani. Katika kisiwa cha Mayotte, mahali paitwapo Dembeni, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya bilauri katika makazi ya wafanyabiashara wa zama hizo.

Kwa hiyo jiwe hili limekuwa bidhaa kwa miaka elfu moja. Lakini tangu zamani hizo fedha kubwa haikuwa kwenye uzito wa jiwe. Ilikuwa kwenye kipande kikubwa, safi, kisicho na ufa, ambacho fundi angeweza kukitumia. Kanuni hiyo haijabadilika, ila mnunuzi amebadilika.

Wakusanyaji wanalipia nini

Wanunuzi wa kwatsi angavu wanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni masonara na mafundi wa kukata vito. Hawa wanataka malighafi, na kwa kuwa kwatsi ni nyingi, bei yao ni ya chini. Kundi la pili ni wauza mapambo, wanaotaka mawe ya kupendeza kwa wingi kwa ajili ya maduka ya zawadi. Nao hununua kwa kilo.

Kundi la tatu ni wakusanyaji. Hawa hununua jiwe ili likae kabatini kama lilivyotoka ardhini. Hawalikati, hawalisuguli wala hawalitoboi. Jiwe la namna hii huitwa kielelezo, na bei yake hupangwa kwa kipande kimoja kimoja.

Mkusanyaji anapochukua fuwele mkononi hutazama mambo sita. La kwanza ni ncha: je, ni nzima au imemeguka? La pili ni ung'avu wa ndani. La tatu ni mng'ao wa nyuso za nje. La nne ni umbo, kwa mfano fuwele yenye ncha pande zote mbili, au kundi la fuwele zilizosimama pamoja juu ya mwamba mama. La tano ni kitu kilichofungiwa ndani, kama tone la maji au sindano za madini mengine. La sita ni mahali jiwe lilikotoka, pakithibitishwa kwa maandishi.

Katika orodha hiyo uzito haumo. Fuwele ya gramu 80 yenye ncha safi inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jiwe la kilo mbili lililovunjika. Mmeguko wenye ukubwa wa punje ya ulezi, ukiwa juu kabisa ya ncha, hutosha kuliondoa jiwe katika daraja la kwanza na kulishusha hadi la pili au la tatu.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa Arusha hukosea, na sababu yake inaeleweka. Mwezi Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na lingine la kilo 5.103, kwa shilingi bilioni 7.74. Habari hiyo ilienea kila kijiwe, na wengi wakabaki na picha kwamba jiwe likiwa zito fedha nayo ni nzito. Kwa tanzanite, inayojulikana kupatikana eneo moja tu duniani, uzito una maana. Kwa kwatsi, ambayo iko kila bara, uzito peke yake ni mzigo wa kubeba.

'Almasi' ambayo si almasi

Mfano mzuri wa jinsi jiwe la kawaida linavyoweza kupata jina sokoni uko Marekani, katika wilaya ya Herkimer, jimbo la New York. Huko, ndani ya matundu ya mwamba wa dolomaiti wenye umri wa takriban miaka milioni 500, hupatikana fuwele za kwatsi zilizo angavu sana, fupi, zenye ncha pande zote mbili. Fuwele kamili ya huko ina nyuso 18: sita za kiunoni, sita za ncha ya juu na sita za ncha ya chini. Inapotoka ardhini huonekana kana kwamba imetoka kwa fundi.

Wafanyabiashara waliziita 'almasi za Herkimer', na jina likashika. Ni kwatsi tupu. Katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatsi ni 7 na almasi ni 10. Kila mkusanyaji anajua hivyo, na bado analipa. Analipa kwa sababu ya mambo mawili: umbo lililokamilika na mahali panapojulikana.

Somo kwa mfanyabiashara wa hapa ni la pande mbili. Upande mmoja, jiwe lisilo adimu linaweza kujengewa soko iwapo umbo lake ni zuri na asili yake imeandikwa. Upande wa pili, jina 'almasi' ni hatari mikononi mwa tapeli. Tanzania ina almasi ya kweli inayotoka Mwadui, mkoani Shinyanga, kwa hiyo mtu akioneshwa fuwele angavu na kuambiwa kuwa ni almasi ya Shinyanga 'iliyotoka kwa njia za panya', ni rahisi kuamini. Asiamini. Fuwele ya kwatsi ina kiuno chenye pande sita. Almasi ghafi iliyojengeka vizuri kwa kawaida huwa na nyuso nane, mfano wa piramidi mbili zilizoungana kwenye kitako. Aidha, aliye na almasi halali haiuzi kwa siri uchochoroni.

Asili ya jiwe na Mlima Meru

Kwa kuwa mahali pa asili huongeza bei, wapo wanaobuni asili. Mgeni aliyefika Arusha hupenda kusikia kwamba jiwe analonunua limetoka kwenye ule mlima anaouona dirishani. Muuzaji akisema "limetoka Meru" anadhani ameongeza thamani. Kwa mnunuzi mjuzi amejiharibia.

Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ni ya aina yenye magadi mengi na silika kidogo. Katika miamba kama hiyo silika yote hutumika kujenga madini mengine, hivyo haibaki ya ziada ya kutengeneza kwatsi. Miamba hiyo hiyo yenye magadi ndiyo inayochangia kiwango kikubwa cha madini ya floraidi katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Arumeru, jambo linalofahamika kwa kila familia iliyoona meno ya watoto yakigeuka rangi. Si mahali pa kutegemea fuwele kubwa na angavu za kwatsi.

Fuwele zinazofika mjini hutoka mbali na mlima, katika ukanda wa miamba ya kale sana iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukanda huo unapita mashariki mwa Tanzania, kuanzia pande za Longido na Simanjiro hadi Handeni, Umba na Morogoro. Ni ukanda huo huo wenye tanzanite ya Mirerani, rubi ya Longido na vito vya rangi vya Bonde la Umba. Humo kwatsi huonekana katika mishipa na matundu, mara nyingi kando ya kile ambacho mchimbaji alikuwa anakitafuta.

Kwa sababu hiyo fuwele nyingi hutupwa kwenye kifusi au huvunjwa kwa nyundo. Mchimbaji anafuata kito cha rangi na haoni sababu ya kuhangaika na jiwe jeupe. Lakini historia ya Mirerani inafundisha kwamba kifusi si takataka tu. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza madini mapya, yenye umbo la nywele nyembamba za kijivu, yaliyokutwa yameshikamana na mawe mengine kutoka machimbo hayo. Madini hayo yalipewa jina la mahali hapo, merelaniite. Kwa hiyo anayekwangua 'uchafu' wote kwenye fuwele ili ing'ae anaweza kuwa anakwangua kitu pekee kilichomfanya mkusanyaji asimame.

Vipimo vinne vya dukani

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anaweza kufanya vipimo ambavyo havihitaji maabara.

Kipimo cha kwanza ni jicho na kioo cha kukuzia. Glasi mara nyingi ina mapovu ya mviringo ndani. Kwatsi ya asili ina nyufa ndogo, ukungu au vitu vilivyonaswa, na kwenye nyuso za kiuno mara nyingi kuna michirizi midogo inayokatiza kwa upana wa jiwe, mithili ya ngazi. Michirizi hiyo ikikosekana kabisa na nyuso zote zikiwa laini kama sahani, upo uwezekano kwamba jiwe limesuguliwa.

Kipimo cha pili ni pembe. Mwaka 1669 Nicolas Steno aliandika jambo alilolibaini katika fuwele za kwatsi: ziwe ndefu au fupi, nene au nyembamba, pembe kati ya nyuso zinazolingana haibadiliki. Kwenye kiuno cha kwatsi, uso mmoja na wa jirani yake hukutana kwa nyuzi 120. Mfanyabiashara anaweza kuchukua kipimapembe cha mtoto wa shule, akakata pembe ya nyuzi 120 kwenye boksi gumu, kisha akaipachika kwenye kila kona ya kiuno. Jiwe la asili litakaa sawasawa. Kipande kilichochongwa na fundi ili kifanane na fuwele mara nyingi huacha mwanya. Ncha za kuchongwa zimejaa katika biashara ya mapambo. Si kosa kuziuza, kosa ni kuziita za asili.

Kipimo cha tatu ni mizani na maji. Jiwe hupimwa likiwa kavu, kisha hufungwa uzi na kupimwa likiwa limezama ndani ya maji bila kugusa chini. Uzito mkavu hugawanywa kwa tofauti ya vipimo viwili. Tuseme jiwe kavu lina gramu 530 na ndani ya maji linaonesha gramu 330. Tofauti ni 200. Gramu 530 ukigawa kwa 200 unapata 2.65, nayo ndiyo namba ya kwatsi safi. Topazi isiyo na rangi hutoa takriban 3.5, na glasi yenye risasi ndani yake huzidi 3. Glasi ya kawaida hukaribia 2.5, kwa hiyo mizani iwe nzuri. Jiwe lililo kwenye mwamba mama halifai kwa kipimo hiki.

Kipimo cha nne ni ugumu, nacho kifanywe kwenye kipande kilichovunjika tu. Kwatsi hukwaruza kioo cha dirisha, na kisu cha kawaida hakiikwaruzi kwatsi. Anayekwaruza ncha ya kielelezo ili kuthibitisha kuwa ni cha kweli amekithibitisha na kukiua kwa wakati mmoja.

Pale mashaka yanapobaki, Arusha ina Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilicho chini ya wizara inayohusika na madini. Ada ya kumwona mtaalamu ni ndogo kuliko hasara ya gunia.

Hesabu ya gunia

Sasa turudi kwa mwenye duka wa Themi na gunia lake la shilingi 600,000. Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, kwa kuwa kwatsi haina bei elekezi ya dunia kama dhahabu. Lengo ni kuonesha namna ya kufikiri.

Njia ya kwanza ni kuuza kama alivyonunua. Akimpata muuza mapambo wa kumlipa shilingi 25,000 kwa kilo, atapata shilingi 750,000. Faida ghafi ni shilingi 150,000, kabla ya ada, nauli na kodi. Asipompata mtu huyo, fedha yake imelala.

Njia ya pili ni kuchambua. Tuseme katika gunia amekuta fuwele 12 zenye ncha kamili, fuwele 38 zenye mmeguko mdogo, na zilizobaki, kilo 25, ni vipande. Akiuza zile 12 kwa shilingi 60,000 kila moja anapata 720,000. Zile 38 kwa shilingi 8,000 ni 304,000. Kilo 25 kwa shilingi 5,000 ni 125,000. Jumla ni shilingi 1,149,000.

Lakini mawe yamesafiri ndani ya gunia, yakigongana njia nzima kutoka machimboni. Tuseme safari hiyo imemega ncha za fuwele sita kati ya zile 12. Sasa fuwele kamili ni sita, yaani shilingi 360,000. Zenye mmeguko zimekuwa 44, yaani shilingi 352,000. Vipande ni vile vile 125,000. Jumla imeshuka hadi shilingi 837,000.

Tofauti ni shilingi 312,000. Hakuna mwizi aliyeichukua, wala soko halikushuka. Imepotea kwa sababu hakuna aliyefunga kila jiwe kwa karatasi laini ya chooni na gazeti. Faida ya mwenye duka, ambayo ingekuwa shilingi 549,000, imebaki 237,000, na bado hajalipa gharama nyingine.

Ndiyo maana biashara hii hushinda au hushindwa mapema, machimboni na njiani. Anayetaka fedha ya kielelezo hana budi kukubaliana na mchimbaji kabla: fuwele itolewe pamoja na sehemu ya mwamba wake inapowezekana, ifungwe peke yake, na isitupwe kwenye ndoo. Mchimbaji naye alipwe zaidi kwa ncha nzima kuliko kwa kilo, la sivyo hana sababu ya kujichosha.

Kusafisha na kuandika

Kwatsi ni ngumu, lakini haipendi mshtuko. Jiwe lililokaa juani likitumbukizwa kwenye maji baridi linaweza kupasuka. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa plastiki hutosha kwa udongo wa kawaida. Madoa ya kutu huondolewa na asidi ya oksaliki, lakini hiyo ni sumu. Itumike nje, kwa glavu, mbali na watoto na vyombo vya jikoni, na kamwe si kwenye jiwe lenye madini mengine yasiyojulikana. Kupaka mafuta ili jiwe ling'ae ni ujanja unaogunduliwa kwa kitambaa kimoja tu.

Kisha kuna kikaratasi. Kila kielelezo kiwe na maelezo yake: aina ya jiwe, eneo la machimbo, wilaya, mkoa, mwezi na mwaka kilipotolewa, vipimo na uzito. Kikaratasi hicho kisitenganishwe na jiwe. Mkusanyaji aliyelipa kwa ajili ya Longido akigundua baadaye kwamba jiwe lilitoka Brazili, hatarudi tena, na katika biashara hii wanunuzi wanafahamiana. Kusema 'Tanzania, machimbo hayajulikani' kunapunguza bei. Kusema uongo kunafunga soko.

Soko liko wapi, na haliko wapi

Vielelezo vya dunia hukutana katika maonesho. Maonesho ya Tucson, Marekani, yaliyoanza mwaka 1955, hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Yale ya Munich, Ujerumani, hufanyika mwishoni mwa Oktoba. Arusha yenyewe ilianza kuandaa maonesho ya kimataifa ya vito mwaka 2012. Hata hivyo, mnunuzi huko anaona meza zilizojaa kwatsi za Brazili, Madagaska na Arkansas, ambazo uzalishaji wake ni mkubwa. Kwatsi ya Tanzania inayoweza kushindana ni ile yenye jambo la pekee: umbo lisilo la kawaida, au fuwele iliyokaa pamoja na madini ambayo mkusanyaji anajua ni ya Tanzania.

Ipo pia hadithi kwamba bei ya kwatsi lazima ipande kwa sababu saa na redio zinaitumia. Hadithi hiyo ilikuwa na ukweli wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo Brazili iliuza fuwele nyingi kwa ajili ya redio za jeshi. Tangu miaka ya 1950 viwanda vilianza kukuza kwatsi vyenyewe ndani ya mitungi ya joto na mgandamizo, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye saa, tangu saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi ilipotoka Japani mwaka 1969. Mchimbaji wa Simanjiro hamuuzii mtengeneza saa.

Sheria haina jiwe dogo

Wapo wanaodhani kwamba kwatsi, kwa kuwa ni ya bei nafuu, haimo katika sheria. Ni makosa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake, inamtaka anayenunua na kuuza madini awe na leseni ya biashara, kubwa au ndogo. Usimamizi uko chini ya Tume ya Madini, na tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani ili mauzo yafanyike wazi. Baada ya marekebisho ya mwaka 2017 mrabaha wa vito ghafi uliwekwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Viwango hivi vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo ni busara kuuliza ofisi ya madini kabla ya kupiga hesabu. Kusafirisha nje bila kibali ni kuhatarisha mzigo, mtaji na jina.

Kwa mwenye duka wa Themi maana yake ni moja: bila leseni, gunia lile si bidhaa kwake hata kama kila jiwe ni safi. Njia iliyo wazi ni kushirikiana na mwenye leseni, kwa makubaliano ya maandishi.

Uamuzi

Je, anunue? Si kwa kilo, na si gunia zima. Jibu la biashara kwa dalali ni kumwaga mawe juu ya blanketi, kutenga yenye ncha kamili, kupima pembe na mizani, kuuliza asili, na kutaja bei ya kila kipande. Dalali akikataa kuchambuliwa mzigo, hilo nalo ni jibu.

Fedha itakayoingia iwe ile ambayo mwenye duka anaweza kuikosa mwaka mzima bila rafu kubaki tupu. Dhahabu ina mnunuzi kila siku na bei inayotangazwa. Fuwele ya kwatsi ina mnunuzi mmoja hapa na mwingine pale, naye huja kwa wakati wake. Ni bidhaa ya subira na ujuzi. Si mahali pa kuficha ada ya shule ya muhula ujao.

Akianza na vipande vitano vilivyo kamili, vilivyofungwa vizuri na kuandikiwa asili ya kweli, atakuwa amenunua somo kwa bei anayoimudu. Akianza na gunia, somo ni lile lile, ila ada yake ni shilingi 600,000.